Kuchagua hema jepesi la familia ndogo kwa safari za miguu Kanda ya Kati

Ukitembea kwa miguu na familia huku Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, mzigo mkubwa kwenye mabegi si hema, ni maji. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja. Wazazi wawili na watoto wawili wakishinda kwenye vilima vya Kondoa mwezi wa Septemba wanamaliza lita kumi hadi kumi na mbili, ya kupikia hujahesabu, na makorongo mengi mtakayovuka yana mchanga mtupu. Anayetembea kwenye milima yenye vijito hubeba chupa moja akajaza njiani. Sisi tunabeba yote tangu asubuhi. Kwa hiyo hema jepesi kwetu si anasa ya wazungu. Kila nusu kilo unayoipunguza kwenye hema ni nusu lita ya maji uliyoipatia nafasi.

Shida ni kwamba nchi hii inayokulazimisha kupunguza uzito ndiyo hiyo hiyo yenye miiba ya migunga, mbigili, ardhi iliyokauka kama sakafu ya saruji, na upepo wa kiangazi usioomba radhi. Mahema mepesi mengi yametengenezwa kwa watu wanaolala kwenye nyasi laini. Ukichukua lililo jepesi kuliko yote, utarudi na matambara. Kazi nzima ya kuchagua ni kujua wapi pa kupunguza uzito na wapi pa kuuacha kama ulivyo.

Hatua ya 1: Anza na sakafu ya sebuleni

Kabla ya kuangalia hema lolote, chukua futi kamba na chaki. Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema huhesabiwa kwa watu wazima waliolala bega kwa bega, kila mmoja kwenye kigodoro chenye upana wa sentimita 50 na kitu, bila begi wala kiatu ndani. "Watu 3" maana yake mara nyingi ni upana wa sentimita 160 hadi 180 na urefu wa sentimita 215 hivi. Tena baadhi yamepunguzwa upande wa miguuni, kwa hiyo upana unaousoma ni wa kichwani tu.

Mimi nilichora mstatili wa sentimita 170 kwa 215 sebuleni, nikatandika vigodoro, nikaita watu. Mama Asha alisimama mlangoni akaangalia, akauliza, "Baba Asha, hapo unapanga watu au magunia?" Tukalala hivyo hivyo, usiku mmoja. Asha, mwenye miaka minane, alilala kama gogo mpaka asubuhi. Mdogo wake wa miaka minne alizunguka kama mshale wa saa: saa nne kichwa kilikuwa kaskazini, alfajiri miguu yake ilikuwa kifuani kwangu na kichwa kimevuka mstari wa chaki kwa shubiri nzima. Kwenye hema, hiyo shubiri ni uso uliobanwa kwenye kitambaa chenye umande.

Tulifuta chaki tukachora tena, mara hii sentimita 210, na usiku wa pili tukalala wote. Wazazi wawili na mtoto mmoja mdogo wanatosha kwenye hema la watu 3. Watoto wakiwa wawili, tafuta la watu 4 lenye upana usiopungua mita mbili kichwani. Usikubali kuambiwa kwamba watoto ni wadogo, watajibana. Mtoto aliyelala huchukua nafasi kuliko mzee.

Urefu wa kwenda juu hauhitaji mjadala mrefu. Mnahitaji kukaa wima na kuvaa shati, na sentimita 105 hadi 115 zinatosha. Hema la kusimama ni la watu wenye gari, na ukuta wake mrefu ni tanga la jahazi upepo ukija. Hapa ndipo pa kwanza pa kupunguza uzito.

Hatua ya 2: Soma uzito vizuri, kisha uupime mwenyewe

Watengenezaji huandika uzito wa aina mbili. Upo wa hema la ndani, kifuniko cha nje na fito pekee, na upo wa kila kitu kilichomo kwenye mfuko, pamoja na vigingi na kamba. Wanaojisifu huandika ule wa kwanza kwa herufi kubwa. Wewe hesabu wa pili, kwa sababu huwezi kuacha vigingi nyumbani.

Kwa makadirio, hema jepesi la tabaka mbili la watu 3 huwa kati ya kilo moja na nusu na kilo mbili na kidogo. La watu 4 ni kilo mbili hadi tatu. Mahema ya bei nafuu ya watu 4 hufika kilo nne na kuzidi. Kipimo changu ni gramu 700 kwa kila anayelala ndani. Familia ya wanne, basi, kilo 2.8 pamoja na kila kitu. Chini ya gramu 500 kwa kichwa naanza kuuliza ni kitambaa gani hicho na kitaishi miezi mingapi Dodoma.

Ukishalipata, lipeleke kwa muuza nafaka aliye jirani akupimie. Atakushangaa, lakini mzani wake hauna sababu ya kukudanganya. Kisha ligawe: mmoja abebe kifuniko na fito, mwingine hema la ndani na vigingi. Mtoto asibebe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 25 ana kilo mbili na nusu, hazifiki nne hata ukimzidishia, na hizo zinaishia kwenye maji yake na sweta. Hema si mzigo wake.

Hatua ya 3: Upepo kwanza, mvua baadaye

Watu wengi dukani huuliza swali moja, "Halivuji?" Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki, na ndiyo miezi ya kutembea, adui ni upepo. Kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, ukitulia kidogo usiku na kuanza upya bila taarifa. Ukifika Singida utakuta ni mkali zaidi.

Hema letu la kwanza nilinunua kwa kuvutiwa na bei. Fito zake zilikuwa za faibaglasi. Mwezi wa Agosti tulilipiga kandokando ya bwawa la Hombolo, ng'ambo ya mashamba ya zabibu, na saa saba usiku nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa. Ufito mmoja ulikuwa umepasuka kwa urefu, nyuzi zimechanua kama ufagio, na ncha imetoboa kifuniko. Nilishika paa kwa mkono hadi kukapambazuka, na vipande vya faibaglasi vilinikaa kidoleni siku mbili. Asubuhi alipita mzee akichunga mbuzi. "Mbukwenyi," akatusalimu, akalizunguka lile hema polepole. "Mwanangu, nyumba yenu mmeilazia upepo ubavu. Hata ng'ombe halali hivyo."

Mzee alinifundisha nusu ya mambo kwa sentensi moja. Hema huelekezwa upande wake mwembamba na mfupi kule upepo unakotoka, na mlango usiutazame. Nusu ya pili ni ya dukani. Chukua fito za alumini. Zikizidiwa hupinda kabla ya kuvunjika, na iliyopinda unainyoosha taratibu kwa goti. Hakikisha kwenye mfuko kuna kibomba kifupi cha kuungia ufito uliovunjika. Kama hakipo, fundi wa antena au wa baiskeli atakukatia kipande cha bomba la alumini kinachopita juu ya ufito bila kucheza. Angalia pia fito zinapishana mara ngapi. Mbili zinazopishana juu tu kwenye hema pana la watu 4 ni chache, na ya tatu inaongeza gramu 200 hivi nisizozionea uchungu.

Kwenye kifuniko, tafuta vitanzi vya kamba katikati ya ukuta, si kwenye pembe tu. Kamba za pembe hushikilia hema lisiondoke. Kamba za katikati ndizo zinazolizuia lisijikunje.

Kuna mahema mepesi mno yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea badala ya fito. Nayaheshimu, na mtu mmoja mwenye uzoefu ataokoa karibu kilo nzima. Kwa familia siyapendekezi huku. Hayasimami bila vigingi vilivyoshika sawasawa, na vilima vyetu vimejaa miamba mitupu ambayo kigingi hakiingii hata kidogo. Zaidi ya hapo yana kamba ndefu pande zote, na watoto hukimbia gizani. Hema linalosimama lenyewe kwa fito zake unaweza kuliweka juu ya jiwe bapa na kulifunga kwa mawe. Zungushia kamba kwenye jiwe dogo, kisha lilalie kwa jiwe kubwa. Kamba ikifungwa moja kwa moja kwenye ukingo wa mwamba husagika usiku mmoja tu.

Hatua ya 4: Ardhi na miiba

Hapa usipunguze uzito. Kitambaa cha hema hupimwa kwa denia, ile herufi D baada ya namba. Ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo namba ndogo maana yake ni uzi mwembamba. Kifuniko cha 15D au 20D kinafaa, hakigusi chini. Sakafu ni jambo lingine. Mahema mepesi mengi yana sakafu ya 20D, na mbigili moja iliyojificha kwenye vumbi inatosha. Tafuta 40D ukiweza, 30D ukishindwa. Tofauti ni gramu mia moja au mbili kwa hema zima.

Sakafu yoyote ile, itandikie kitu chini. Vitambaa maalum vya dukani ni ghali bure. Nailoni ngumu inayouzwa kwa mita sokoni, ile ya kuanikia mazao, inafanya kazi hiyo hiyo kwa robo hadi nusu kilo. Ikate iwe ndogo kuliko sakafu kwa sentimita tano kila upande. Ikichomoza nje, mvua ikinyesha itakinga maji na kuyaleta chini yenu kama bakuli. Kabla ya kutandika, piga magoti upitishe kiganja ardhini polepole, eneo lote. Watoto wanaipenda kazi hii, hasa ukiwaahidi pipi moja kwa kila mwiba.

Vigingi vinavyokuja na hema jepesi vingi ni vijiti vyembamba vya alumini. Vipeleke Bahi mwezi wa Septemba uone vinavyojikunja kama tambi. Nunua vile vyenye umbo la Y vya alumini ngumu, na kwa pembe nne tumia misumari ya inchi sita ya duka la vifaa vya ujenzi. Ipitishie washa (kile kiduara cha chuma chenye tundu) kila mmoja ili kamba isichomoke kichwani. Misumari minne ni gramu 130 hivi. Jiwe ndilo nyundo.

Hatua ya 5: Vumbi, joto na baridi

Picha za mahema mepesi zinaonyesha hema la ndani lililoshonwa neti tupu kuanzia chini hadi juu. Ni jepesi, lina hewa, na linapendeza. Lipige Dodoma mwezi wa nane: vumbi jekundu linapita chini ya kifuniko, linapenya neti, na mnaamka mkiwa na nyusi za rangi ya tofali. Mtoto mwenye kifua hatalala. Chagua hema la ndani ambalo kitambaa chake kizima kinapanda angalau sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafuni, neti ianzie hapo kwenda juu. Joto la Oktoba na Novemba litatokea juu. Upepo baridi wa Juni na Julai, ambapo usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 13 mjini na zaidi ukipanda vilimani, utapita juu ya vichwa vyenu.

Neti yenyewe iwe ya matundu madogo ya kuzuia mbu, na iinue kwenye mwanga ukague mishono yake. Malaria ipo, hasa kandokando ya mabwawa kama Mtera na Hombolo. Zipu zote zifungwe tangu saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ya mbu na pia nge.

Milango iwe miwili. Nilifikiri ni anasa mpaka nilipohesabu mara ambazo mtoto alinikanyaga tumbo akienda haja usiku.

Zipu ndizo hufa kwanza kwa vumbi. Ziguse dukani: zikiwa nyembamba kama za sketi, endelea mbele. Beba mswaki mkuukuu wa kuzisugua, na zisuuze kwa maji mkirudi. Kichwa cha zipu kikilegea, fundi viatu yeyote atakibadilisha kwa dakika kumi.

Hatua ya 6: Mvua

Fupi tu. Lebo itasema milimita kadhaa, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kupenyeza. Milimita 1,500 juu na 3,000 sakafuni zinatosha kwa mvua zetu, na 1,200 juu si kilio. Angalia zaidi mishono kama imebandikwa utepe kwa ndani. Mahema ya nailoni iliyopakwa silikoni mara nyingi hayana utepe huo, unapaka gundi ya silikoni mwenyewe. Nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo usiku wa mvua utaamka kukaza kamba. Poliesta hailegei hivyo, na inavumilia jua zaidi, ndiyo maana naipendelea ingawa ni nzito kidogo.

Mahali pa kupiga hema kunakuokoa kuliko milimita zote hizo. Usilale ndani ya korongo hata kama mchanga wake unavutia kama godoro. Mvua inaweza kunyesha mbali usikoiona, maji yakashuka nanyi mmelala chini ya nyota. Miteremko nayo iheshimu wakati wa mvua: Desemba 2023 tope la Mlima Hanang' lilifika hadi Katesh na kuua watu.

Hatua ya 7: Kununua

Mjini Dodoma utapata zaidi mahema mazito ya bei nafuu. Moshi na Arusha kuna maduka yanayokodisha na kuuza vifaa vya wapanda mlima, yakiwemo mahema yaliyotumika. Kama una safari moja kwa mwaka, kodi, usijisumbue. Ukiagiza nje kwa intaneti, kumbuka juu ya bei kuna nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa, si baada ya kupigiwa simu mzigo umefika.

Hema lililotumika likaguliwe hivi. Ingiza pua: likinuka kama matapishi na kitambaa kikinata kwenye vidole, mpako wa ndani umeoza na hautengenezeki. Vuta kitambaa cha juu kwa vidole gumba viwili, karibu na kilele ambako jua hupiga zaidi. Kikilia kama karatasi inayochanika, rudisha. Ingia ndani mchana, ufungiwe, tazama juu: kila nukta ya mwanga ni tundu. Unganisha kila ufito na uukunje kama upinde. Fungua na kufunga kila zipu mara tatu. Muuzaji akiharakisha ukaguzi, mwachie hema lake.

Hatua ya 8: Usiku mmoja uani

Lipige uani kwenu, jioni, wakati giza linaingia, watoto wakisaidia. Mtajua kama ni la dakika kumi au la ugomvi. Mwagieni kifuniko ndoo mbili za maji kwa kopo, mkilenga mishono, kisha mlale ndani wote. Asubuhi mkikuta matone ndani ya kifuniko, msilaumu hema mara moja. Mara nyingi ni pumzi zenu wenyewe, na dawa yake ni kuacha madirisha ya juu wazi.

Tangu usiku huo wa kwanza liwepo sharti moja lisilo na mjadala: moto hauingii hemani. Nailoni huyeyuka na kushika ngozi, na jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa huua watu usingizini kwa hewa yake ya sumu hata hema lisiposhika moto. Kukiwa na baridi, ongezeni blanketi.

Mkitoka kwenda kijijini, pitieni kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kushusha mabegi. Ndani ya mapori ya akiba kama Swaga Swaga hakuna kulala bila kibali. Sisi safari ya kwanza na hema jipya tulikwenda upande wa Kolo, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kilo 2.7 pamoja na misumari. Mama Asha alibeba hema la ndani na vigingi, mimi nikabeba kifuniko, fito na lita saba za maji. Mdogo alizunguka usiku kucha kama kawaida yake, na asubuhi kichwa chake kilikuwa bado hakijafika ukutani.